Mjadala: Kijana anayeanza kazi ya ploti Nakuru, alipwe ikiuzwa au alipwe jasho lake?

Mjomba wa Lanet: Jamani, mpwa wangu ana miaka 22, amemaliza chuo na kazi hakuna. Anataka kuingia mambo ya ploti. Kila mtu anamwambia apige picha, aweke WhatsApp, angoje kamisheni. Mimi napinga. Kijana aliyelala njaa wiki tatu, mteja akimuuliza "hapa maji hujaa?", unadhani atajibu nini?

Mwekezaji, hasa aliye Nairobi au ng'ambo, hajakosa ploti. Simu yake imejaa ploti. Amekosa macho. Akifanya sachi, yaani kukagua rekodi ya ploti kwenye ofisi ya ardhi, ataona jina la mwenye ardhi, ukubwa, na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Hataona Ziwa Nakuru lilivyofura mwaka 2020 na watu wa mitaa ya Mwariki na Barut wakahama nyumba zao. Hataona kwamba kisima cha jirani kina floraidi, ile inayotia meno ya watoto wetu rangi ya chai.

Mwezi jana nilimpeleka kijana Bahati, ploti ya futi 50 kwa 100. Bikoni tatu, zile alama za mipaka, tuliziona, ya nne tukaipata chini ya banda la kuku la jirani. Kulikuwa na mama anapalilia maharagwe. Mpwa akamsalimia, akamsaidia kidogo, kisha akauliza, "Shosho, hapa unakodisha kwa nani?" Jina alilotaja silo la muuzaji. Swali hilo moja lilimwokolea mtu pesa za miaka. Sasa kwa nini alipwe tu kama ploti ingeuzwa? Alipwe elfu mbili kwa kila ripoti, inunuliwe isinunuliwe.

Dalali wa Zamani: Elfu mbili atoe nani? Wenye pesa wa hapa wanataka uwatembeze bure na mafuta ya nduthi, hiyo pikipiki, uweke wewe. Nimekaa miezi minne bila kitu, halafu kamisheni moja ikanilipia nyumba mwaka mzima. Na huyo mpwa wako akisema "usinunue" mara tatu, wauzaji watamjua. Hakuna atakayemfungulia geti tena.

Karani: Mnasahau sheria. Sura 533 ya sheria za Kenya inataka wakala wa ardhi awe amesajiliwa na bodi ya mawakala. Kijana asiyesajiliwa anayekutanisha muuzaji na mnunuzi ili ale kamisheni anacheza na moto, hata kama Nakuru nzima inafanya hivyo. Kutembea, kupiga picha na kuandika alichoona ni kitu kingine. Tena kuna kazi ndogo ambazo wakubwa huchoka nazo: kujua bodi ya udhibiti wa ardhi inakutana lini, maana shamba la kilimo lahitaji idhini yake na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba, kuuliza kama mke wa muuzaji anajua boma linauzwa. Hapo ndipo faili nyingi hukwama.

Mama wa Kiamunyi: Na sisi wenye mtaa je? Tangu Nakuru iitwe jiji mwaka 2021, kila wiki kuna kijana na simu anauliza nyumba ngapi ziko wazi na kodi ni ngapi. Mwezi unaofuata landilodi anapandisha. Mnawafanya watoto wetu majasusi wa matajiri, halafu mnaita ajira.

Mjomba wa Lanet: Mama, hilo limenigusa, sina jibu lote. Angalau aseme ametumwa na nani kabla hajauliza chochote, na asiyetaka kujibu aachwe. Yule shosho wa Bahati hatukumwambia, na sasa naona tulikosa.

Dalali, geti zitafungwa, nakubali. Lakini wewe mwenyewe ungenunua ploti kwa neno la mtu ambaye hajawahi kusema "hii achana nayo"?

Karani, asante, hiyo ya Sura 533 nitamsomea leo usiku.

Jumamosi anaenda Njoro, karibu na Chuo cha Egerton, kuhesabu bedsita, vyumba vya kupanga vya mtu mmoja, zilizo wazi wanafunzi wakiwa likizo na kuuliza makeateka, wale watunza nyumba, maji huja siku gani. Aliyemtuma amekubali elfu moja mia tano. Kuna mwenye nyumba huko ambaye hatamfukuza?

Dalali wa Zamani: Mwambie apite kwangu kwanza. Mbwa wa pale nawajua wote.