Tupeane uzoefu: ulichagua masomo gani ukitaka kusomea viumbe wa bahari au mifugo?

Mama wa Umoja
Wadau, binti yangu yuko Gredi ya 9, na jana amerudi na karatasi ya kuchagua mkondo wa sekondari ya juu. Amejaza STEM, ule wa sayansi, teknolojia na hisabati, hapo sina neno. Kwenye yale masomo matatu ameandika Baiolojia, Kemia, halafu nafasi ya tatu ameiacha wazi. Namuuliza, ananijibu, "Mama, mimi nataka kusomea samaki." Samaki! Mtoto wa Umoja hapa Nairobi, bahari ameiona mara moja tu tulipokwenda mazishi Mombasa. Mimi enzi zangu niliingizwa Sayansi Kimu kwa sababu darasa hilo ndilo lilikuwa na kiti kitupu, kwa hivyo ushauri wangu haufiki mbali. Kama ulisomea mambo ya bahari, mifugo au udaktari wa wanyama, au ulitaka ukakwama, tuambie ilikuwaje. Karatasi inarudi Ijumaa.

Fundi Friji
Mama, umefukua kitu nilikuwa nimekizika.

Shule yetu ilikuwa ya wavulana, maabara moja. Mwisho wa kidato cha pili mwalimu wa darasa akaingia na daftari, akasema Kemia ni ya wote, lakini kati ya Baiolojia na Fizikia kila mtu achague moja. Baiolojia nilikuwa napata themanini na kitu. Nyumbani nilikuwa na samaki wawili kwenye mtungi wa kachumbari, nawabadilishia maji kabla sijanywa chai. Shida ni kwamba pale kwetu Baiolojia iliitwa ya wasichana. Mwalimu akasema, "Fizikia, mikono juu." Deski yetu yote ikainua, na mimi nikainua. Hata sekunde tano hazikuisha.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nikapata B. Nikaenda saiba pale stendi, kijana akafungua KUCCPS, ule mtandao wa kuomba nafasi za chuo, nikamwambia niwekee ile ya viumbe wa bahari kule Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Akabonyeza, ikakataa. Akabonyeza tena, kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa. Mwishowe akanigeuzia skrini: "Bosi, hapa wanataka Baiolojia. Si ati umeanguka. Huna kabisa." Nikalipa shilingi hamsini nikatoka.

Leo natengeneza friji na mashine za barafu. Wateja wangu wengine ni wauza samaki wa City Market. Naingia na spana mkononi, changu na kolekole wamelala kwenye barafu macho wazi, wananitazama kama wananijua.

Chai Mkandaa
"Huna kabisa." Walai imeniingia. Mimi ilikuwa Kemia, hadithi ni hiyo hiyo.

Kijana wa Njoro
Nilisomea sayansi ya wanyama Chuo Kikuu cha Egerton. Mwambie msichana Kilimo ndilo somo la tatu, asihangaike. Mwaka wa kwanza wenzangu walikuwa wanashangaa ng'ombe ana tumbo la sehemu nne, mimi nilikuwa nimeshachora rumeni, ile sehemu kubwa, mpaka nimechoka. Lakini Kemia ndiyo itamtesa, ajue mapema. Chakula cha mifugo ni Kemia tupu: unapima nitrojeni iliyomo kwenye omena au mashudu ya alizeti, unazidisha kwa 6.25, unapata protini ghafi. Mwenye duka akikuuzia omena waliochanganywa na mchanga, hesabu inamuumbua. Na kuku wenyewe wakigoma kutaga utajua tu.

Mzee wa Kabete
Ushauri mzuri, ila wazazi msichanganye. Sayansi ya wanyama si udaktari wa mifugo. Sisi tumekaa Kabete tukisomea udaktari huo miaka mitano, na bila kusajiliwa na Bodi ya Veterinari hupasui hata paka. Nimeona watu wa lishe wakijiita daktari huko vijijini.

Kijana wa Njoro
Mzee, ni nani amejiita daktari hapa? Nimesema omena. Na hao ng'ombe mnaowadunga sindano, nusu yao wasingeugua kama wangelishwa vizuri.

Mzee wa Kabete
Sijakutaja kijana. Lakini kama kofia imekutosha, vaa.

Chai Mkandaa
Hapo sasa. Mtoto anataka samaki, nyinyi mnapigania ng'ombe.

Mita Kumi
Kilimo ni cha nini kwa mtu wa bahari? Achukue Fizikia. Kila mita 10 ukizama, shinikizo linaongezeka sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Mawimbi, mikondo, mwanga unaofika kwenye matumbawe, yote ni Fizikia. Asiyeijua atabaki kuhesabu samaki sokoni.

Sista Takwimu
Msikilizeni Mita Kumi lakini msimwamini sana 😂 Nimefanya kazi na watafiti wa uvuvi. Siku moja majini, miezi miwili kwenye kompyuta. Samaki wangapi wavuliwe, wangapi waachwe wazaane, hiyo ni takwimu. Huko STEM wanasoma Hisabati kamili, si ile nyepesi, na asiichukie. Somo la tatu hata akichukua Kompyuta sawa tu. Jiografia pia.

Mama wa Umoja
Sasa nina Kilimo, Fizikia, Kompyuta na Jiografia. Nafasi ni moja jamani.

Bara hadi Kilifi
Mama, tulia kwanza nikuambie hakuna aliyetaja jambo lenyewe.

Mimi ni wa Kayole. Nilifika Kilifi na Baiolojia ya A, Kemia ya B+, Fizikia pia nilikuwa nayo. Siku ya kwanza mhadhiri akauliza nani hajui kuogelea. Wakanyoosha wasichana watatu na mvulana mmoja wa Nyeri. Mimi nikanyamaza. Kayole nzima hakuna aliyewahi kunifundisha, lakini ningesemaje mbele ya watoto wa Malindi?

Wiki ya pili tukapelekwa mwambani kuhesabu majongoo bahari. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, miamba iko wazi kama barabara. Unaweka kile kiunzi cha mraba, nusu mita kwa nusu mita, unahesabu, unaandika, unasonga. Nikanogewa. Nikasonga, nikasonga, nimeinama. Kuinua kichwa, wenzangu wamerudi ufukweni, wadogo kama kunguru, na kati yangu na wao pana maji. Mimi nilidhani bahari hujaa kutoka mbele, uione ikija. Kumbe hupitia mikondo ya pembeni, inakuzunguka nyuma kimyakimya. Yakafika magoti. Nikaita, upepo ukala sauti. Yakafika kiunoni, nikaanza kumwomba Mungu kwa Kiswahili, Kiingereza na Kikamba.

Akatokea bibi mmoja mchokoaji pweza. Kanga kaikaza kiunoni, chuma chake begani, ndoo mkononi. Hakukimbia. Akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, bahari waijua au umehadithiwa?" Nikasema nimehadithiwa. Akanipa ndoo niibebe, akashika mkono wangu, akawa anagusa chini kwa kile chuma, huku tupite, huku tusipite. Mahali pamoja maji yalinifika kidevuni, yeye mfupi kuliko mimi alikuwa anajua jiwe la kukanyagia. Tulipofika mchangani akachukua ndoo yake, akahesabu pweza wake. Watatu. Akaenda zake.

Ile fomu niliyojaza takwimu ilipotelea majini. Nilipewa sufuri.

Chai Mkandaa
Nimesoma nikiwa kwa matatu, nimepitiliza kituo.

Fundi Friji
Ulirudi kumtafuta?

Mita Kumi
Ndiyo hiyo niliyosema, Fizikia.

Sista Takwimu
Mita Kumi, Fizikia alikuwa nayo na maji yakamfika kidevuni. Tupumzishe.

Bara hadi Kilifi
Fundi, nilirudi wiki iliyofuata na sukari kilo mbili. Akanicheka, akasema sukari nimpe na nikaogelee kwenye maji yaliyotulia, pale pasipo mkondo, kila siku mpaka nijue. Mjukuu wake wa miaka tisa ndiye alinifundisha. Niliumia moyo, lakini nikajua.

Mzee wa Kabete
Kijana wa Njoro, yule mbuzi wangu aliyegoma kula, lishe inasemaje?

Kijana wa Njoro
Sasa umenikumbuka. Njoo huku pembeni Mzee.

Mama wa Umoja
Nimemsomea yote. Nafasi ya tatu ameandika Kilimo, kwa penseli. Halafu ameniuliza swali ambalo sina jibu: upande huu wa Eastlands, bwawa la kuogelea lisilo ghali liko wapi?

Chai Mkandaa
Kasarani lipo. Beba kofia ya kuogelea, msije mkarudishwa.