GTA V: CD ya PS4 iliyotumika, ya PS5, au Xbox 360 ya bei ya kutupa?

Pedi_Mbovu anauliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo kabla sijatoa hela. Nina PS4 Slim ya GB 500, TV ni inchi 43 ya 1080p, na intaneti yangu ni bando la simu. Nataka gemu ya GTA V (Grand Theft Auto V), zaidi kwa ajili ya hadithi ya kucheza peke yangu, mtandaoni labda baadaye. Mwakani natarajia kuhamia PS5. Dukani kuna CD ya PS4 iliyotumika na kuna ya PS5 mpya. Kuna pia mtu anauza Xbox 360 ikiwa na GTA V kwa bei ya kutupa. Je, nikichukua ya PS4 sasa itageuka kuwa ya PS5 nikihama? Na kuna tofauti gani ya maana, achilia mbali maneno ya matangazo?

Fundi Konsoli:

Mkuu, nianze na hilo la kuhama, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza hela. CD ya PS4 haigeuki. Toleo la PS5 na Xbox Series lilitoka Machi 2022, na Rockstar, watengenezaji wake, waliliuza kama gemu nyingine kabisa. Mwenye CD ya PS4 hapewi la PS5 bure. Ukiiingiza CD yako kwenye PS5 yenye mdomo wa CD itacheza, lakini itacheza vilevile kama PS4: 1080p, fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde. Utakachofaidi ni kupungua kwa muda wa kusubiri wakati gemu inafunguka. Na PS5 ya Digital haina mdomo wa CD, kwa hiyo ukinunua hiyo mwakani bila kuiongezea kisoma CD kinachouzwa kando kwa matoleo mapya, CD yako itabaki pambo la kabati.

Upande wa pili, usinunue CD ya PS5 leo ukaiweka. PS4 haiisomi, na gemu hii hupunguzwa bei mara kwa mara. Hakuna sababu ya kulaza hela.

Tofauti ya maana kwenye PS5 ni fremu. Kuna namna tatu za picha. Fidelity inakupa 4K, picha kali kuliko 1080p, kwa fremu 30. Performance inalenga fremu 60. Performance RT inalenga 60 pia, ikiongeza vivuli vinavyochorwa kwa kufuata miale ya mwanga (ray tracing, ndiyo hiyo RT). Kwa TV yako ya 1080p, Fidelity haikufai kitu, maana 4K yote inabanwa irudi 1080p huku gari likiendeshwa kwa fremu 30. Chagua Performance RT. Kuziona fremu 60 hakuhitaji TV mpya, TV yoyote ya kawaida ya 60Hz inazionyesha, na utazihisi kwenye kona ya kwanza ukiwa umekanyaga mafuta. Wenye Xbox Series S wajue kwamba kwao Performance RT haipo, wana Fidelity na Performance tu, na mashine yao haina mdomo wa CD.

Ushauri wangu: chukua ya PS4 iliyotumika, maliza hadithi. Ukifika PS5, subiri punguzo ndipo uamue.

Mzee wa Makasha:

Naunga mkono, ila kabla hujalipa, geuza kasha usome mgongo wake. Kuna namba inayoanza na CUSA. CUSA-00411 ni ya Ulaya, na mbele ya kasha utaona PEGI 18, alama ya umri ya Ulaya. CUSA-00419 ni ya Marekani, na kasha lake lina herufi M, alama ya umri ya huko. Zote mbili zinacheza kwenye PS4 yoyote, hakuna kufuli la nchi kwenye CD. Ugomvi unaanzia kwenye vitu vya kununua ndani ya gemu: Shark Card (kadi ya kununua pesa za ndani ya gemu) ya duka la Marekani haitambuliwi na CD ya Ulaya. Hatua za hadithi ulizohifadhi kwenye 00411 nazo hazisomeki kwenye 00419. Kwa hiyo ukiuza CD hii ukanunua ya upande mwingine, unaanza upya kule mwanzo wa hadithi, kwenye wizi wa benki wa North Yankton.

Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi za PSN (mtandao wa PlayStation), kwa hiyo akaunti zetu nyingi zimefunguliwa kwa Marekani au Uingereza. Angalia yako ni ya wapi, kisha tafuta CD inayofanana nayo. Kadi ya kuongeza salio nayo lazima iwe ya nchi ya akaunti.

Kitu kingine: ukiona kasha limeandikwa Premium Edition usiongeze hela kwa ajili ya jina. Cha ziada mle ni karatasi yenye msimbo wa Criminal Enterprise Starter Pack, kifurushi cha kuanzia GTA Online, nao hutumika mara moja tu. Kwenye kasha la mtumba uhesabu kwamba umeshatumika.

Sasa CD yenyewe. Washa tochi ya simu, iinamishe CD taratibu. Mikwaruzo myembamba inayotoka katikati kwenda ukingoni si ya kutisha, kwa sababu inakatiza njia ya data kidogo tu na mashine inaweza kuziba pengo hilo. Uogope mkwaruzo unaozunguka, unaofuata mduara, maana huo unafunika data mfululizo. CD za PS4 ni Blu-ray, na data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso unaougusa, wakati kwenye DVD ni milimita 0.6. Ndiyo maana ile tiba ya kusugua kwa dawa ya meno, ambayo iliokoa DVD nyingi, huku inamaliza kazi. Futa kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, basi.

Ukijaribu dukani usiridhike kwa kuona picha ya gemu imetokea kwenye menyu. Acha inakili hadi mwisho, hata kama muuzaji anakuharakisha. CD mbovu mara nyingi huonyesha picha vizuri, kisha kunakili kunaganda katikati.

Bando_Laisha:

Niongeze upande wa bando, maana ndio utakaoumiza zaidi. Hadithi yote imo kwenye CD. Inakili bila intaneti, cheza bila intaneti, na PS Plus (usajili wa kulipia wa PlayStation) haihitajiki. Ila nenda kwanza Settings, kisha System, kisha Automatic Downloads, uzime kila kitu. Usipozima, siku ukiwasha hotspot kwa jambo dogo, PS4 itaanza kuvuta apdeti kimyakimya na bando litakwisha hujui limeenda wapi.

Ukitaka GTA Online, yaani kucheza mtandaoni na wengine, hali inabadilika. Hapo lazima uwe na apdeti ya mwisho pamoja na PS Plus. CD inanakili karibu GB 50, apdeti zikiingia gemu inafika karibu GB 100. PS4 ya GB 500 inakuachia kama GB 400 za kutumia. Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi: apdeti ikishashuka, PS4 inatengeneza nakala ya gemu nzima kabla ya kuunganisha. Ndiyo maana inakuambia nafasi haitoshi wakati unaona wazi kwamba apdeti ni ndogo. Usifute hatua ulizohifadhi kwa hasira. Hamisha gemu nyingine kwenye hard disk ya nje: PS4 inakubali ya USB 3.0 kuanzia GB 250 hadi TB 8.

Ile Xbox 360 iache. Mtandaoni kwake kulifungwa tarehe 16 Desemba 2021, sawa na PS3. GTA V yake inakuja na CD mbili, ya kwanza ya kunakili GB 8, ya pili ndiyo ya kuchezea. Ile 360 ya GB 4 isiyo na hard disk inadai flash ya GB 16 yenye kasi, la sivyo barabara zitakuwa zinatokea zimechelewa mbele ya gari. Na mwonekano wa kuona kwa macho ya mhusika haupo, huo uliongezwa kuanzia PS4 na Xbox One mwaka 2014. Wahusika wakuu Michael, Franklin na Trevor ni walewale, hilo ni kweli, lakini tayari una mashine bora sebuleni.

Pedi_Mbovu:

Nawashukuru sana. Nimerudi dukani, mgongo wa kasha unasema CUSA-00411 na akaunti yangu ni ya Marekani. Niiache? Na nilipofika kwenye hadithi, nikihamia toleo la PS5 ndiyo basi?

Mzee wa Makasha:

Usiiache kama bei ni nzuri na CD ni safi. Kwa hadithi haitakusumbua. Kama unafikiri siku moja utanunua Shark Card, fungua akaunti ya pili ya Uingereza sasa hivi na uanze kuchezea hiyo, kwa sababu nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye.

Fundi Konsoli:

Kuhusu kuhama, hadithi inahamishika. Kwenye PS4 unganisha gemu na akaunti ya Rockstar, simamisha gemu, nenda sehemu ya Game, chagua kupakia hatua uliyohifadhi. Inapanda moja tu, kwa hiyo pakia ile ya mwisho kabisa. Kwenye PS5 ingia kwa akaunti ileile ya Rockstar, uishushe kutoka sehemu hiyohiyo. Chaguo hilo liliongezwa 2022, kwa hiyo kwenye gemu ambayo haijawahi kuapdetiwa hutaliona. Itabidi ununue bando kubwa mara moja, uapdeti, upakie. Fanya hivyo kabla hujauza PS4, siyo baada.

Mhusika wa GTA Online naye anahamishwa mara moja tu, na akishahama huku PS4 hayupo tena. Ukimhamishia Xbox Series, pesa zilizotokana na Shark Card hazimfuati, zinahama ndani ya familia moja tu ya mashine.