Bodi sita za LoRa "sawasawa", mbili zinakufa kila adhuhuri, muuzaji ati anasingizia mikarafuu!

Assalaam aleikum wakuu. Wiki ya tatu hii nimekaa na hasira, leo nazitoa.

Nilinunua bodi sita za LoRa (redio ndogo za kurusha ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo) zenye chipu ya SX1278, za 433 MHz, kwenye duka moja Unguja. Zikaja kwa boti hadi Mkoani, mie nikazifuata. Kazi yenyewe ndogo: kisima kipo bondeni, tangi lipo kilimani kwa mzee wangu huku Wete. Bodi ya juu iseme maji yamejaa, ya chini izime pampu. Zote sura moja, maandishi mamoja. "Zote sawasawa, bosi," ndivyo nilivyoambiwa.

Sawasawa gani? Nne zinapiga kazi usiku na mchana. Mbili asubuhi nzuri kabisa, jua likishapiga boksi, saa sita hivi, kimya. Jumamosi tangi likafurika, maji yakateremka mpaka kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa, na umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, ukaishia hapohapo. Mama hakusema kitu. Alikunja jamvi, akanitazama tu.

Muuzaji kwanza akasema programu yangu mbovu. Haya. Nikabadilisha bodi peke yake: programu ileile, antena ileile ya waya wa sentimita 17, pahala palepale. Ugonjwa ukahama na bodi. Akaja na hadithi ya umeme mdogo. Nikapima, volti 3.3 haishuki hata bodi inaporusha, na kapasita nishaichomea kwa risasi karibu na mguu wa umeme. Mwisho ati mikarafuu inazuia mawimbi! Yakhe, mikarafuu inakuja saa sita ikaondoka magharibi?

Basi nikaingia mwenyewe. Nilikuwa natumia upana wa bendi (nafasi ya masafa unamoenea ujumbe) wa 20.8 kHz. Nikaupanua hadi 125 kHz, zile mbili zikafufuka. Chipu hii ina rejista (kijisehemu cha kumbukumbu) inayosema pakiti imefika na masafa, yaani frikwensi, yaliyopotoka kiasi gani, nikashinda naisoma kutwa kwa bodi moja ya kupokelea. Bodi nzuri hazivuki 1 kHz. Zile mbili asubuhi 3, saa saba mchana karibu 7. Na nguvu ya mawimbi palepale, -94 dBm toka asubuhi hadi jioni. LoRa huvumilia mpotoko wa kama robo ya upana wa bendi, na robo ya 20.8 ni 5.2. Basi zisikate saa sita kwa nini?

Nikachukua kioo cha kukuzia, maana hizi hazina kofia ya bati, kila kitu kipo wazi. Kristali za 32 MHz, vile vijiwe vinavyoiwekea redio masafa yake, kwenye zile nne zina maandishi. Kwenye mbili, kifuniko kitupu, hata herufi hakuna. Kristali ya bei chee, jina lilelile, bei ileile!

Na msinambie nibaki na 125 yaishe. Kupanua hivyo kunanila takriban desibeli 8 za usikivu, na nilizitaka kwa kisima cha pili nyuma ya kilima.

Nimemtumia picha na vipimo vyote. Jibu: "jaribu kubadilisha antena." Nataka bodi mbili nzima au pesa yangu. Na nyie mliochukua mzigo huo, tazameni kristali kabla hamjazifungia juu ya bati.