Niandike mwenyewe wasifu wangu wa kazi au nimlipe mtaalamu?

Mhitimu wa Moro

Habari zenu wakuu. Nilihitimu stashahada ya ununuzi na ugavi mwaka jana, baada ya kufanya mafunzo kwa vitendo katika stoo ya halmashauri moja mkoani Morogoro. Tangu hapo namsaidia mama mdogo katika duka lake la vifaa vya ujenzi huku nikitafuta ajira, iwe serikalini au katika kampuni binafsi. Steshenari iliyo jirani na chuo huandaa wasifu kwa shilingi 10,000, na kuna mtaalamu anayefanya kazi hiyo mtandaoni ambaye anataka shilingi 120,000 pamoja na barua ya maombi. Kwa hali yangu fedha hiyo si ndogo. Je, mbele ya mwajiri kuna tofauti ya kweli, au nikae chini niandike mwenyewe?

Afisa Rasilimali Watu

Ndugu yangu, kazi yangu ni kupokea na kuchambua maombi katika kampuni binafsi, kwa hiyo nakujibu nikiwa upande wa msomaji. Wasifu wa steshenari hutambulika mapema, kwa sababu waombaji kadhaa wa nafasi moja huleta maelezo yaleyale ya kijana mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa, na mara nyingine jina la kampuni aliyoomba mtu mwingine limesahaulika humo humo. Maelezo ya namna hiyo hayanisaidii kumtofautisha yeyote.

Kinachonisaidia ni kujua ulifanya nini hasa, na hilo unalijua wewe. Wengi waliopitia mafunzo kama yako huandika "Nilihusika na shughuli za stoo", wakaishia hapo. Kama kweli ulikuwa unapokea mizigo, eleza kwamba ulipokea bidhaa, ukalinganisha hati ya mapokezi na oda pamoja na ankara ya muuzaji, ukaingiza kwenye leja, na ukashiriki kuhesabu mali. Taja zilikuwa bidhaa za aina gani, na ulikuwa chini ya nani. Kama umeanza mitihani ya PSPTB, yaani bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, sema umefikia hatua gani. Jopo la usaili litaanzia hapo kukuuliza, nawe utakuwa na la kujibu. Nimeshuhudia msailiwa akisomewa mstari wa wasifu wake kuhusu "kuboresha mnyororo wa ugavi", akaombwa aeleze aliuboresha vipi, akanyamaza. Iliniuma, kwa sababu maswali mengine juu ya stoo aliyajibu vizuri sana, na mstari ule wa kuandikiwa ndio uliolitia jopo shaka.

Andika mwenyewe. Kwa mhitimu, kurasa mbili zinatosha.

Mhandisi wa Maji

Nakubaliana na Afisa kwa hali ya muuliza swali, ila isichukuliwe kwamba kumlipa mtaalamu ni kupoteza fedha kwa kila mtu. Mimi nilifanya kazi za usanifu na ujenzi wa miradi ya maji kwa zaidi ya miaka kumi, kisha nikataka kuhamia upande wa usimamizi wa miradi. Niliyemlipa alinihoji kwa muda mrefu: bajeti zilikuwa kiasi gani, niliwasimamia watu wangapi, mradi uliochelewa ulichelewa kwa sababu gani na nilifanya nini. Akaniondolea pia orodha ndefu ya semina ambazo hazikuhusiana na nafasi niliyoitaka. Nilichonunua kwake ni yale maswali, kuandika ningeweza.

Kwa hiyo mtaalamu anayekuomba tu umtumie wasifu wa zamani na vyeti, bila kukuuliza lolote, usimpe hata senti, na anayekuahidi ajira au kukuongezea uzoefu usiokuwa nao umkimbie kabisa. Kwako wewe mwenye sehemu moja ya mafunzo, mahojiano hayo ni mafupi, na mkufunzi aliyekusimamia au mtu yeyote unayemfahamu katika fani ya ugavi anaweza kukufanyia bila malipo.

Mtumishi Dodoma

Kwa upande wa serikalini, kumbuka kwamba nafasi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira huombwa kwenye Ajira Portal, mfumo wake wa maombi mtandaoni, ambako mwombaji hujaza taarifa zake mwenyewe sehemu kwa sehemu, hivyo urembo wa rangi na visanduku hauna utakachokuongezea. Soma tangazo neno kwa neno: hutaka wasifu wenye anwani, namba za simu za kuaminika na majina ya wadhamini watatu, barua ya maombi iliyosainiwa, na vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria, na huonya kwamba hati za matokeo hazikubaliwi badala ya vyeti na kwamba atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Aliyeandikiwa uongo na mwenzake ndiye atakayewajibika, maana akaunti ni yake. Na tafadhali, usimwachie mtu wa steshenari nywila yako wala nakala za vyeti kwenye kompyuta yake.

Mhitimu wa Moro

Nawashukuru sana. Nitaandika mwenyewe, kisha nimpelekee mkufunzi wangu asome. Swali moja limebaki: hilo duka la mama mdogo niliweke, au litaonekana halina hadhi?

Afisa Rasilimali Watu

Liweke, tena lina uzito, kwa sababu bila hilo nitaona mwaka mtupu baada ya kuhitimu. Taja duka lilipo, mwezi ulioanza, na kazi zenyewe: kuagiza saruji, nondo na mabati, kulinganisha bei za wauzaji, kutunza daftari la mali. Cheo kiwe msaidizi wa duka, usijiite meneja ugavi. Mama mdogo asiwe mdhamini, kwa kuwa ni ndugu yako. Weka msimamizi wako wa halmashauri, mkufunzi wako, na mtu wa tatu nje ya familia, kwa mfano muuzaji wa jumla mnayechukua mzigo kwake, na uwapigie simu wote watatu kuomba ridhaa yao kabla ya kuandika namba zao.