Dhamana ya 20,000 imeshinda familia, kijana yuko rumande gereza la Industrial Area, Nairobi: njia zipi zimebaki?

msaidizi_mathare
Wadau, tunaandaa karatasi moja ya maelekezo kwa wasaidizi wa kisheria wa Mathare na Mukuru. Kesi inayojirudia ni hii: kijana ameshtakiwa wizi mdogo korti ya Makadara, amekana, hakimu ametoa bondi ya 50,000 na mdhamini mmoja, au dhamana ya pesa taslimu 20,000. Nyumbani hata 2,000 haipo. Anarudishwa rumande, kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena. Tuandike hatua zipi, na zinakwamia wapi? Halafu, tukitaja mjadala wa Marekani kuhusu dhamana na rangi ya mtu, kuna wanaosema hayo hayatuhusu kwa kuwa hapa hakuna ubaguzi wa rangi. Basi hapa ni nini kinachoamua nani abaki ndani?

masjala
Anzeni na jambo ambalo familia hulichanganya kila siku. Bondi ya 50,000 haina maana mlete 50,000. Hakuna pesa inayolipwa. Mdhamini anaweka mali ya thamani hiyo na kuahidi kwamba mshtakiwa atafika kortini. Akitoroka, ndipo mdhamini anaitwa kueleza kwa nini mali isichukuliwe. Pesa taslimu ni njia nyingine kabisa, na hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa hakuruka tarehe.

Mdhamini aje na kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi), picha za pasipoti, barua ya chifu, na mali yenyewe: hatimiliki ya ardhi au logibuku (hati ya umiliki wa gari au pikipiki). Makorti mengine hukubali hati za mshahara pamoja na barua ya mwajiri. Hapo ndipo mambo huharibika. Hatimiliki ni ya babu aliyefariki na urithi haujafanywa. Logibuku ina jina la sacco kwa sababu mkopo wa pikipiki haujaisha. Shamba liko kaunti ya mbali, kwa hiyo uthibitisho unachukua siku. Jina la mshtakiwa kwenye karatasi ya mashtaka halifanani na la kitambulisho. Kagueni haya kabla mdhamini hajapoteza nauli.

Mkilipa taslimu, risiti iwe kwa jina la aliyetoa pesa. Ikiandikwa jina la jirani aliyetumwa, kurudishiwa ni vita.

wakili_pembeni
Masjala amemaliza upande wa makaratasi. Kosa kubwa hutokea mapema zaidi, siku ya kwanza kortini. Kijana anaulizwa kama ana la kusema kuhusu dhamana, ananyamaza. Hapo ndipo angesema anafanya kazi gani, anapata kiasi gani kwa siku, analala wapi, nani anamtegemea. Ibara ya 49(1)(h) ya Katiba inataka masharti yawe ya kadiri, na kiasi ambacho hakimu anajua hakitalipika ni kumnyima dhamana kwa mlango wa nyuma.

Siku hiyo imepita? Aombe hakimu yuleyule apitie upya masharti. Anaweza kulisema kwa mdomo akiwa kizimbani, au aandike barua kupitia afisa wa maslahi gerezani. Aombe pia ripoti ya dhamana ya afisa wa probesheni, anayemchunguzia hakimu maisha ya mshtakiwa nje. Afisa huyo atapiga simu nyumbani, kwa chifu, kwa mwenye nyumba. Simu ikiwa imezimwa, ripoti inarudi tupu na kijana anaonekana hana kwao, kwa hiyo mpeni namba mbili au tatu zinazopatikana. Hakimu akikataa, kifungu cha 123(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kupunguza kiasi.

Na hili liandikwe kwa herufi kubwa: Ibara ya 49(2) inakataza kumweka mtu rumande kwa kosa la faini pekee au la kifungo kisichozidi miezi sita. Wachuuzi waliokamatwa na kanju (askari wa kaunti) wengi wako humo.

mzee_wa_probesheni
Mbona hamtaji huduma ya jamii? Sheria ya 1998 inahusu makosa ya kifungo kisichozidi miaka mitatu, na hata kinachozidi ikiwa korti inaona mitatu au chini yake inatosha. Anafagia zahanati au kupanda miti, jioni analala kwake.

wakili_pembeni
@mzee_wa_probesheni hiyo ni kwa aliyepatikana na hatia. Akiambiwa "kubali tu utoke leo", anatoka na rekodi, na cheti cha polisi cha kuombea kazi kitaionyesha. Kama hakufanya kosa, asikubali. Kama alifanya, ni kweli, mwombe hakimu aagize ripoti ya huduma ya jamii kabla ya hukumu. Akipigwa kifungo baada ya kukaa rumande, mkumbusheni hakimu kifungu cha 333(2) cha Sheria ileile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: muda aliozuiliwa lazima uzingatiwe. Kama hajatajiwa lolote kuhusu muda huo, kuna sababu ya kuomba Mahakama Kuu iangalie upya.

msaidizi_mathare
Asanteni sana. Na lile swali la pili, la kinachoamua nani abaki ndani?

masjala
Hapa kinachopima ni anwani. Mtu wa Lavington, mtaa wa wenye pesa, ana namba ya nyumba. Wa Mukuru anaandikiwa "hana makazi maalum", na maneno hayo matatu yanatosha kumfanya aonekane mtu wa kutoroka. Dawa yake ni ndogo: barua ya mwenye nyumba, ya mzee wa nyumba kumi na ya chifu, zifike siku ya kwanza.

Rangi nayo isiachwe nje ya hadithi. Nairobi ilijengwa juu ya kumtaka Mwafrika aeleze yuko mjini kwa ruhusa ya nani. Sheria ya kipande, kitambulisho cha lazima cha mwanamume Mwafrika, ni ya 1915, ilianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwanamume alivaa karatasi hizo shingoni. Makosa ya uzururaji yametoka katika fikra hiyohiyo. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika. Kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu kinaposomwa kortini, maoni hayo yatajwe. Ni ya ushauri, hayamfungi hakimu, lakini yana uzito.

Hata Marekani wameona pesa ndiyo inayochuja. Illinois ilifuta dhamana ya pesa Septemba 2023, ikawa jimbo la kwanza kuifuta kabisa. Siku hizi huko hakimu huamua kama mtu ni hatari au atatoroka, na upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha. Kwetu mzigo huo uko vilevile kwenye karatasi: Katiba inataka "sababu za msingi" za kumnyima mtu dhamana. Kiongozi wa mashtaka akisema tu "napinga", mwulizeni ni sababu ipi, na afisa wa uchunguzi ameiapia wapi.