Pointi 5 kabla ya Desemba kwisha: semina ya hotelini, Zoom, au kozi ya upatanishi?

MamaMafaili (Mombasa)

Mawakili wenzangu, hamjambo. Nina ofisi ndogo hapa Mombasa: mimi, karani na mwanagenzi mmoja. Mwaka huu umenipita mbio. Kati ya pointi 5 za mafunzo endelevu ya mawakili tunazodaiwa Kenya kila mwaka sina hata moja, na cheti cha uwakili cha mwaka kinaisha Desemba 31 kama kawaida yake. Nina mambo matatu mezani.

La kwanza ni semina ya siku tatu hotelini Diani, mada mchanganyiko: ardhi, kodi, maadili. La pili ni semina za Zoom za nusu siku, nachukua mojamoja mpaka pointi zitimie. La tatu ndilo linaloninyima usingizi: kozi ya upatanishi ya saa 40, ile inayotakiwa ukitaka kuingia kwenye orodha ya wapatanishi wa korti. Ni ghali, na ni wiki nzima bila ofisi.

Nusu ya kazi yangu ni mirathi na ardhi. Zilizobaki ni ajali za barabarani na madeni madogomadogo. Tafadhali msinijibu "inategemea".

BintiMilimani (Nairobi)

Zoom, bila kusita. Mwaka jana zangu zote nilizipata nikiwa nimekaa ofisini, faili moja mkononi. Hakuna nauli wala chumba cha kulala.

Ila dada, jambo moja. Ingia kwa jina lako kamili lile lile lililo kwenye orodha ya mawakili. Mara ya kwanza nilishinda pale asubuhi nzima, nikauliza hadi maswali, na pointi hazikuja. Nilipofuatilia nikaambiwa jina langu halimo kwenye mahudhurio. Kumbe nilikuwa nimeingia kwa simu, na kioo kinanionyesha kama "Galaxy A12". Wiki tatu za barua pepe kuthibitisha kwamba Galaxy A12 ni mimi.

Msajili_Mstaafu

Na ukikosa cheti ukaendelea kuandika hati za watu, zote ni batili. Kumbuka hilo.

BintiMilimani

Hapana mzee wangu, hilo lilishabadilika. Mahakama ya Juu ililimaliza Desemba 2, 2015, kwenye kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing. Mahakama ya Rufani ilikuwa imesema hati ya rehani iliyoandikwa na wakili asiye na cheti cha mwaka huo haina nguvu. Mahakama ya Juu ikasema la, hati haifi kwa sababu hiyo peke yake. Mteja hawezi kubeba mzigo wa kosa asilolijua. Mwenye kuadhibiwa ni wakili.

Msajili_Mstaafu

Nimekubali. Lakini "mwenye kuadhibiwa ni wakili" bado ni sentensi inayomhusu MamaMafaili.

MzeeJoho (Mombasa)

Mwanangu, mimi ni mtu wa zamani, kwa hiyo nipunguzie chumvi. Zoom ni ya kupata pointi, kujifunza ni jambo jingine. Nimeona watu wamezima kamera na sauti, simu iko kwenye dashibodi ya gari, wao wako mbele ya hakimu wanaomba kuahirisha.

Nikupe mfano wa mafunzo. Miaka michache iliyopita tulikaa nusu siku, mawakili kama ishirini, ukumbi mdogo orofa ya pili, feni moja inalia. Mwalimu alikuwa kadhi mstaafu. Hakuwa na slaidi hata moja, alikuwa na karatasi kubwa ukutani na kalamu nyekundu. Akaandika: shamba la ekari 32, marehemu ameacha mjane mmoja, mabinti wawili na mwana mmoja wa kiume. Gawanyeni.

Wengi tukakimbilia kusema mjane anapata robo. Akatikisa kichwa. Robo ni pale marehemu hakuacha watoto. Watoto wakiwepo ni thumuni, ekari 4. Zimebaki 28, zinagawanywa mafungu manne: mwana mawili, kila binti moja. Mwana 14, mabinti saba saba. Halafu akatuuliza, na je, mmeshatoa gharama za mazishi na madeni? Wosia mmeuangalia kama haukuvuka theluthi? Hapo ndipo mjue mnagawa nini.

Jirani yangu, wakili mzoefu kunishinda, alifungua faili alilokuja nalo, akalitazama, akalifunga polepole. Alikuwa ameshapeleka mgao kortini, na mjane wake ana robo pamoja na watoto watano.

Sasa wewe unasema nusu ya kazi yako ni mirathi, na uko Mombasa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, yenyewe inasema mali ya Mwislamu inarithiwa kwa sheria ya Kiislamu. Diani watakupa mada tatu kwa siku tatu, na hakuna itakayokugusa hapo. Kodi utaisahau kabla ya kivuko cha Likoni.

MamaMafaili

Mzee Joho, shikamoo. Nimecheka na nimeogopa kwa wakati mmoja. Naenda kufungua mafaili mawili.

KukaziaHukumu (Dar es Salaam)

Mawakili wasomi, naingia kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku kwetu tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 lugha ya sheria na ya mahakama ni Kiswahili, Kiingereza kinabaki kwa sababu maalumu. Mafunzo yaliyonisaidia kuliko yote yalikuwa ya uandishi wa nyaraka kwa Kiswahili. Unadhani unajua lugha mpaka uambiwe uandike pingamizi la awali ukurasa mmoja bila neno la Kiingereza. Tulikaa saa moja tukibishana juu ya neno moja tu.

Kwa hiyo nashauri: chagua kozi inayokufanya uandike. Ya kusikiliza tu inapita.

Lakini nina swali. Mnaposema "upatanishi" mnamaanisha nini? Hapa ya kuwakalisha watu wazungumze mpaka wakubaliane tunaiita usuluhishi, na ile ambayo mtu anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani hukumu yake, ni uamuzi. Ndiyo maana tuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa migogoro ya kazi. Usuluhishi pale una siku 30, ikishindikana mnakwenda kwenye uamuzi.

BintiMilimani

Sisi hiyo ya kuzungumza mpaka mkubaliane ndiyo upatanishi, na usuluhishi ndio wenye tuzo! Kumbe tukikutana Arusha tunaweza kukubaliana kwenye usuluhishi, kila mtu akaja na kitu chake. Na jina lako ni la nini, kaka? Unakazia nini?

KukaziaHukumu

Umeshinda kesi, mdaiwa halipi, unaomba mahakama ikazie hukumu: kukamata mali, kuuza. Ndiyo kazi ninayoifanya siku nzima.

Darajani (Unguja)

Nyongeza ndogo kabla hamjatusahau: chama cha mawakili cha Bara ni cha Tanganyika, kama jina lake linavyosema, tangu 1954. Sisi Zanzibar tuna chama chetu. Ukitaka kuhesabiwa pointi kwa semina uliyohudhuria kwa jirani, uliza kabla ya kulipa, si baada.

Mpatanishi_Milimani (Nairobi)

Nimesubiri mtu aizungumzie namba tatu, hakuna, basi niseme mimi niliyeifanya.

Upatanishi wa korti ulianza Aprili 2016 kwa majaribio hapa korti za Milimani, Nairobi, kitengo cha familia na cha biashara, ndipo ukasambaa. Saa 40 ni mafunzo tu. Hazikuingizi kwenye orodha. Ukimaliza unapeleka ombi kwa kamati inayoidhinisha wapatanishi, unasubiri. Ukiidhinishwa unasubiri tena kupewa faili. Usiweke hesabu ya kodi ya ofisi kwenye pesa hizo.

Lakini dada, hebu nikwambie nilichokipata. Siku ya pili mwalimu alinipa nafasi ya dada mkubwa kwenye mgogoro wa nyumba ya urithi, na wenzangu wawili wakawa kaka zangu. Mpatanishi wetu, wakili wa miaka mingi, ndani ya dakika nne alikuwa ameshaniuliza hati miliki iko kwa jina la nani. Mwalimu akamsimamisha: "Umeshaanza kumhoji shahidi." Akamrudisha mwanzo. Mara ya pili akauliza tu, "Mama alipokuwa mgonjwa, nani alikuwa naye?" Na ingawa ilikuwa maigizo, nilihisi koo linanibana. Ugomvi wote ulikuwa pale, na hati miliki haikuwa na habari nao.

Tangu siku ile namsikiliza mteja wa mirathi kwa namna nyingine, hata nikiwa wakili wake wa kawaida. Kesi mbili nimezimaliza kwa makubaliano kabla hazijasikilizwa. Kwa mtu mwenye mafaili kama yako hii ndiyo kozi. Ajali za barabarani hazitafaidika sana, kule unazungumza na kampuni ya bima, na bima haina mama mgonjwa.

BintiMilimani

Na usuluhishi wetu, wa tuzo? Nafikiria ile njia ya CIArb, taasisi ya kimataifa ya wasuluhishi, kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ya juu, Fellow.

Mpatanishi_Milimani

Ni nzuri kama una wateja wa ujenzi na mikataba mikubwa. Ngazi za juu zinakudai ujue kuandika tuzo, na hilo ni somo gumu kwelikweli, limewarudisha wengi nyumbani. Kwa MamaMafaili na madeni yake madogomadogo? Atasoma miaka, mwenye deni la elfu sabini hatamlipa msuluhishi.

MzeeJoho

Naafiki. Na wiki nzima bila ofisi, mwezi huu, ni wazimu. Korti zinaelekea likizo ya Krismasi, kila mteja anataka amri yake kabla haijaanza.

MamaMafaili

Nimewasikia. Uamuzi wangu, samahani KukaziaHukumu, si ule wa tume yenu: Diani nimeifuta. Pointi za mwaka huu nitazipata Zoom, nusu siku nusu siku, na nitachagua mada za ardhi na mirathi hata kama maadili yana nafasi tele. Kozi ya saa 40 naisogeza Februari, mwanagenzi atakuwa ameshazoea kwenda kuchukua tarehe. Nimeshawapigia waandaaji kuuliza kama wameidhinishwa kutoa pointi, wamesema watanitumia barua. Barua ikifika ndipo nalipa.

Na nimebadilisha jina kwenye Zoom. Lilikuwa "Mama Rayan Tecno".

Mzee Joho, yule kadhi mstaafu bado anafundisha?

MzeeJoho

Anafundisha, tukiwa kumi na zaidi. Wewe ni wa saba. Njoo na faili moja linalokusumbua, majina yafunike. Kikokotoo acha nyumbani, anakichukia.

BintiMilimani

Mzee, niandike wa nane. Nitapanda treni ya usiku.