Vijana wa sekondari kuwafunza wadogo ufugaji: nianzie wapi?

Mlezi_Kisauni
Asalaam aleikum. Nina vijana 8 wa sekondari na wadogo 20, wa miaka 9 hadi 12, wanaotaka kufuga kuku wa kienyeji na mbuzi. Vijana kufuga wanajua, kufunza ndiko kunakowashinda: wanainyakua kazi, mtoto anabaki kutazama. Kazi zipi wadogo wasiachiwe?

BandaLaLikoni
Waaleikum salaam. Kijana mmoja kwa wadogo wawili au watatu, wasizidi. Kazi aifanye kwanza kimya, halafu airudie akieleza. Kisha mtoto ndiye aeleze na kijana afanye. Mwisho mtoto afanye, kijana mikono nyuma. Hiyo hatua ya tatu wengi huiruka, na ndiyo inayoonyesha mtoto kaelewa au kakariri.

Anzeni na vifaranga. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35, lishuke kama 3 kila wiki. Kipimajoto kisaidie tu. Vifaranga wenyewe husema. Wakirundikana chini ya taa wanaona baridi. Wakiikimbia taa na kutweta, limezidi, na kwa mchana wa Mombasa hilo ndilo la kawaida. Mtoto aulizwe "waona nini?" kabla hajagusa taa.

Agroveti_Bamburi
Na maranda wanayolalia vifaranga je? Mtoto ayafinye kiganjani: yakishikana donge, yameloa, yatolewe, hasa kando ya chombo cha maji. Unyevu wetu huu wa pwani ndio mlango wa kuhara damu.

Chanjo ya matone ya kideri (ugonjwa wa kuku wa Newcastle): mtoto ashike kuku, kijana adondoshe tone moja jichoni, wasimwachie mpaka apepese. Chupa isafiri na barafu tangu dukani. Ikipigwa na joto imekufa, na kwa macho hutaijua. Ile ya kunywesha msichanganye na maji ya mfereji yenye klorini.

Sindano, dawa ya kupe na kukata kwato: vijana, tena mtu mzima akiwepo. Wadogo hapana.

Mlezi_Kisauni
Shukran. Mbuzi?

BandaLaLikoni
Wafunue ukope wa chini. Ndani pakiwa pekundu, sawa. Pakipauka, damu imepungua, mara nyingi ni minyoo. Kijana asikimbilie dawa, amlete kwako apimwe uzito kwanza, maana dozi ya kukisia ikipungua minyoo huzoea dawa. Na kwa beberu mtoto asiingie peke yake, hata awe mpole vipi.